Ufukweni Kutoka Kaliua: Ziwa au Bahari?

Mtu wa Kaliua anayetaka kwenda kula upepo ufukweni ana pande mbili za reli za kuchagua. Magharibi iko Kigoma, chini ya kilomita 300. Mashariki iko Dar es Salaam na bahari yake, zaidi ya kilomita 900. Ujiji na Bagamoyo ndizo zilizokuwa ncha mbili za njia ya misafara, na wapagazi wa Kinyamwezi waliziunganisha kwa miguu kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wao walitumia miezi njiani. Wewe una likizo ya siku chache, kwa hiyo kabla ya kuuliza ufukwe upi ni mzuri, hesabu siku zitakazobaki ukishatoa za kwenda na kurudi.

Kama una wiki moja au pungufu, nenda Kigoma. Wanaokimbilia Dar kwa siku tano hurudi na uchovu wa basi, na habari za foleni.

Ziwa Tanganyika halina chumvi wala kupwa na kujaa, na maji yake ni maangavu. Ufukwe unaojulikana zaidi ni Jakobsen, nje kidogo ya mji ukipita Katonga. Unalipa kiingilio, unakuta mchanga msafi na miti ya kivuli. Lakini usiwaache watoto peke yao kwa kuwa mawimbi ni madogo. Hili ni ziwa la pili kwa kina duniani, mita 1,470 hivi mahali palipo na kina kirefu zaidi, na sehemu nyingi chini panaporomoka ghafla: hatua chache tu kutoka ukingoni mtu mzima hagusi tena. Waulize wenyeji kuhusu mamba. Epuka pia maji yaliyotuama penye matete na majani, kwa sababu humo hukaa konokono wanaobeba kichocho.

Mambo mawili huwashangaza wageni. Kwanza, miaka ya karibuni ziwa limepanda na kumeza vipande vya ufukwe, hivyo picha ya zamani kwenye simu isikudanganye. Pili, samaki. Wengi wetu husafiri kuanzia mwezi wa Sita, shule zikiwa zimefungwa na malipo ya tumbaku yameanza kuingia. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Anayekwenda kwa hamu ya mgebuka aliyevuliwa alfajiri aulize mapema kama ziwa limefungwa. Likiwa limefungwa, siku moja ipeleke Ujiji, kwenye kumbukumbu ya mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871.

Ukiwa na siku kumi au zaidi, bahari inawezekana. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inakimbia kati ya Dodoma na Dar es Salaam, kwa hiyo unaweza kwenda kwa basi hadi Dodoma na kumalizia kwa reli. Kipande hicho cha mwisho, ambacho zamani kilikuwa cha kuchosha kuliko vyote, sasa ni cha saa chache.

Ugumu wa bahari kwa mtu wa bara ni maji kuondoka. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ya kwetu hujaa sana karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa sana karibu saa nne, asubuhi na usiku. Familia inayofika ufukweni saa nne asubuhi siku hizo hukuta tope, mwani na ngalawa zilizolala ubavu. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka: maji yamejaa saa nne asubuhi, ingawa si kwa wingi ule. Tazama kalenda ya Kiislamu ukutani kabla ya kukata tiketi. Karibu na tarehe 1 na 15 ni bamvua. Karibu na tarehe 8 na 22 ni maji mafu.

Halafu kuna upepo. Kati ya mwezi wa Sita na wa Nane huvuma kusi. Fukwe zinazotazama mashariki, kama Paje na Jambiani kule Unguja, hupigwa na upepo, na maji yakipwa huenda mbali sana. Nungwi na Kendwa, kaskazini, unaweza kuogelea karibu saa zote, ila bei zake zimepangwa kwa watalii. Boti ya kutoka Dar kwenda Unguja nayo hurusha kweli msimu huo, kwa hiyo anayetapika kirahisi anunue dawa kabla ya kupanda.

Chaguo langu pwani ni Bagamoyo, kilomita 70 hivi kutoka Dar. Si kwa ajili ya kuogelea, maana ufukwe wake ni bapa na maji huwa na tope. Ni kwa sababu mji ni mtulivu, samaki wanapatikana, na magofu ya Kaole yapo karibu. Coco Beach, pale Dar, ni pazuri kwa mihogo ya kukaanga jioni, ila Jumapili usitafute utulivu pale. Anayetaka ukimya hasa aende Ushongo, kusini mwa Pangani, akijua kwamba maduka ni machache na pesa taslimu ni lazima.

Unapopiga simu kuuliza chumba, neno “karibu na bahari” lisikutoshe. Uliza dakika ngapi kwa miguu, chini ni mchanga au mawe, maji yakipwa yanafika wapi, na kama mtoto anaweza kuoga bila viatu, kwa kuwa wale wadudu weusi wenye miiba mirefu hukaa penye mawe. Tiketi ya kurudi ikate siku ileile ya kwenda. Wiki ya shule kufunguliwa, viti vya kuja Tabora huisha mapema.