Mjamzito anayetumia ARV apimwe pia kaswende

Leo tuzungumze, kwa heshima lakini bila kufichana, kuhusu akina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI (VVU) ambao Allah (s.w.) amewajaalia ujauzito.

Wengi wao wanajua kwamba wakimeza ARV kila siku, uwezekano wa mtoto kuambukizwa hushuka hadi chini ya asilimia 5. Bila dawa ni kati ya asilimia 15 na 45. Tatizo ni kudhani kuwa ARV humaliza kila kitu. Dawa hizo haziponyi kaswende, kisonono, klamidia wala trikomona, na magonjwa haya aghalabu hukaa mwilini bila dalili. (Anayetokwa na uchafu naye asijioshe ndani kwa sabuni au shabu. Istinjaa ni ya nje. Huko ndani kunahitaji tabibu.)

Kaswende ndiyo tunayoiogopa zaidi. Vijidudu vyake hupenya kondo la nyuma vikamfikia mtoto. Mimba huweza kuharibika, mtoto akafia tumboni, au akazaliwa njiti au mgonjwa. Utafiti wa Mwanza uliochapishwa mwaka 2002 ulionesha kuwa, kwa akina mama ambao hawakupimwa, takriban nusu ya watoto waliozaliwa wafu walikufa kwa sababu ya kaswende. Aidha, kaswende isiyotibiwa huongeza hatari ya VVU kumfikia mtoto.

Hapa pana jambo husahaulika. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wajawazito wapimwe kwa kipimo kimoja cha haraka, VVU na kaswende kwa pamoja. Mama aliyekwishaanza ARV hahitaji kipimo hicho, kwa kuwa hali yake ya VVU inajulikana. Kikirukwa, kaswende nayo huweza kurukwa. Basi siku ya kwanza ya kliniki aulize wazi: "Kaswende nimepimwa?"

Tiba ni sindano ya penisilini ya benzathini, uniti milioni 2.4. Maambukizi mapya huchomwa mara moja. Ya zamani, au yasiyojulikana yalianza lini, mara tatu, wiki hadi wiki. Ianze mapema, angalau siku 30 kabla ya kujifungua. Anayedhurika na penisilini aseme kabla ya kuchomwa.

Kumtibu mke peke yake ni kutwanga maji kwenye kinu. Mume apimwe na atibiwe, na kama ana wake zaidi ya mmoja, wote. Wajizuie na tendo la ndoa mpaka zipite siku 7 baada ya wote kumaliza tiba.

Wapo wanaume wanaoichukua karatasi ya majibu kuwa ushahidi wa zinaa. Kipimo hakisemi ugonjwa uliingia lini wala nani aliuleta. Kaswende hujificha miaka mingi, na kipimo cha haraka huweza kuendelea kuionesha hata kwa aliyepona zamani. Sheria yetu inataka mashahidi wanne. Anayetoa talaka kwa karatasi ile amehukumu kwa dhana.

Mtoto akizaliwa achunguzwe. Ikiwa mama hakutibiwa ipasavyo, mtoto naye hupewa penisilini, hata akionekana mzima.