Maumivu ya Kano ya Goti kwa Wanamichezo

Kano inayotoka chini ya pia ya goti na kushika mfupa wa muundi ndiyo inayouwezesha mguu kunyooka. Huwauma sana wachezaji wa mpira wa kikapu na wa wavu, kwa kuwa huruka na kutua mara nyingi. Maumivu hukaa mahali panapoweza kuonyeshwa kwa kidole kimoja. Huweza kupungua mwili ukishapata moto, kisha yakarudi kwa ukali kesho yake, na hapo ndipo wengi huhadaika.

Desturi ya nyumbani ni kumchua kijana kwa mafuta na kumkataza michezo kabisa. Maumivu hutulia, lakini kano isiyopewa kazi hudhoofu, na akirudi uwanjani huanza upya. Lililo bora ni kupunguza kuruka kwa muda, na wakati huohuo kuitwisha kano mzigo kwa mpango.

Maumivu yakiwa bado makali, huanzwa kwa kukaza msuli bila kusogeza goti: mgongo huegemezwa ukutani, magoti hukunjwa kama aliyeketi, naye hutulia hivyo sekunde 45. Hupumzika dakika 2, akarudia hadi mara 5.

Hatua ya pili ni uzito mkubwa kwa mwendo wa polepole. Mchezaji huchuchumaa akiwa na mzigo, sekunde 3 kushuka na 3 kuinuka, siku 3 kwa wiki zisizofuatana. Huanza na uzito anaoweza kuuinua mara 15 tu. Katika wiki 12 huongezwa taratibu hadi ule anaouweza mara 6. Uzito mwepesi hautoshi. Asiye na vyuma hujaza vitabu katika mkoba wa shule.

Maumivu madogo wakati wa zoezi hayana madhara. Kwa kipimo cha 0 hadi 10, yasizidi 3, na yawe yametulia kesho yake. Yasipotulia, mzigo hupunguzwa, zoezi haliachwi. Kuruka hurudishwa mwisho, pengine baada ya miezi kadhaa, na ni vyema kocha aelezwe mapema.

Aliyesikia mlio wa kukatika na kushindwa kunyoosha mguu, au ambaye goti lake limevimba na kuwa la moto pamoja na homa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mtoto anayekua mwenye uvimbe juu ya muundi apimwe kabla ya kubebeshwa uzito.

Katika maeneo mengi ya Uingereza, mgonjwa huweza kuomba mwenyewe miadi ya fiziotherapia ya NHS bila kupitia kwa daktari. Mkalimani wa Kiswahili huombwa wakati huohuo, wala halipiwi. Kijana asiachiwe kazi ya kumtafsiria mzazi.