BATRI JUU YA KARTE YA MEMWARI



Munajua wote namna ordinatere inavyosahau. Unaandika, umeme unakatika, na kile ambacho hukuhifadhi kimekwenda. Kwa kompyuta za nyumbani za zamani hasara ilikuwa kubwa zaidi, maana nyingi hazikuwa na diski. Programu iliwekwa kwenye kaseti ya kawaida, na kuisoma tena kulikula dakika nyingi. Ndiyo sababu watu walitafuta kuweka batri juu ya karte ya memwari. Wengi wanafikiri ni kazi ya waya mbili tu. Hapana, tuangalie vizuri.

Tuchukue TI-99/4A ya Texas Instruments, kampuni ya Marekani. Ilitoka mwaka 1981, na mwaka 1983 kampuni ikatangaza kwamba inaacha biashara ile, lakini hata leo kuna watu wanaoitunza. Iliuziwa kasha dogo la kuchomeka, jina lake Mini Memory, lenye kilobaiti 4 za memwari na batri ndani yake. Unazima masini, unachomoa kasha, kesho unalirudisha: programu iko. Kumbe karte kubwa ya kilobaiti 32 ya masini ile ile ilisahau yote mara moja. Kwa nini ndogo ikumbuke na kubwa isahau?

Memwari ziko za namna mbili. Ile ya dinamiki ni sawa na kikombe kilichotoboka: umeme wake unavuja, lazima kuujaza tena na tena. Kipande 4116, cha miaka ya 1970, kilitaka safu zake zote 128 zijazwe upya kila milisekunde 2! Tena kilidai volti za namna tatu: 12, 5, na 5 hasi. Batri gani ndogo itaweza kazi ile?

Ile ya statiki haitaki kujazwa. Ndani yake transista zinashikana, kila moja inamzuia mwenzake asianguke, na zitakaa hivyo mradi volti kidogo ipo. Kipande 6264 kina kilobaiti 8 na miguu 28. Kinafanya kazi kwa volti 5, lakini kwa kukumbuka tu, volti 2 zinatosha. Batri ya sarafu CR2032 iko na volti 3 na karibu miliampere-saa 220. Kama kipande kinakula mikroampere 5, mugawanye wenyewe: ni saa 44.000, karibu miaka 5.

Sasa kazi yenyewe. Mguu wa 28 ndio unapokea umeme. Tunauletea njia mbili, moja ya masini na moja ya batri, na kila njia tunaiwekea diodi, ndiyo mlango unaofunguka upande mmoja tu. Bila diodi, batri italisha masini nzima na kufa upesi. Kubaya zaidi, masini itasukuma umeme ndani ya batri ya litiamu isiyochajiwa, na batri hiyo inaweza kupasuka. Lakini diodi ya kawaida inakula karibu volti 0,7. Toa kwenye 5, inabaki 4,3, na 6264 inataka angalau 4,5 wakati wa kazi. Kwa hiyo upande wa masini tunaweka diodi ya Schottky, ambayo inakula kidogo.

Wengi wanaishia hapo. Kesho yake wanakuta programu imejaa matundu, nao wanalaumu batri. Batri haina kosa. Ukizima masini, volti 5 hazipotei kwa mara moja: zinashuka, 4, 3, 2. Katika kushuka kule prosesa imepoteza akili, inaweza kutoa amri yoyote, hata ya kuandika. Na memwari, kwa sababu batri imeiamsha, inasikia na kutii.

Basi lazima kufuli. Mguu wa 26 wa 6264 ukiwa juu, kipande kinasikiliza; ukiwa kwenye sifuri, hakisikii mtu. Inatakiwa sakiti inayopima volti na kuuvuta mguu ule chini mara tu volti zinaposhuka chini ya 4,5. Ni kama mlango wa bweni: taa zikizimwa umefungwa, hata mtu apige kelele gani huko nje. Kampuni Dallas ilitengeneza kipande DS1210 kinachofanya mambo yote mawili, kuhamia kwa batri na kufunga mlango. Kwangu mimi, kama pesa inatosha kitu kimoja tu, ununue kufuli nzuri, batri ya bei ndogo.

Musichomelee bati juu ya batri ya sarafu yenyewe, juu ya moto, mutumie kishikio. Na muogope batri za nikeli-kadmiamu za kuchajiwa. Zikizeeka zinavuja na kula njia za shaba. Karte nyingi za Amiga 500 ziliharibika hivyo.

Siku ya kubadilisha batri, kwanza muhifadhi programu kwenye kaseti. Kisha mubadilishe masini ikiwa inawaka, kwani wakati ule volti 5 ndizo zinashika memwari.