Neno lishike pamoja na tukio lake

SWALI: Niko kidato cha tano. Nasoma kwa Kiingereza tawasifu ya Harriet Jacobs, aliyekuwa mtumwa Marekani. Nimejaza daftari maneno magumu, lakini hayakai kichwani. Nifanyeje?

JIBU: Hayakai kwa sababu umeyang'oa mahali pake.

Chukua neno "loophole". Leo wengi hulijua kama mwanya wa kisheria, lakini maana yake ya kale ni tundu jembamba ukutani. Jacobs, aliyechapisha kitabu mwaka 1861 kwa jina la Linda Brent, alijificha karibu miaka 7 chini ya paa la ghala dogo nyumbani kwa bibi yake, mjini Edenton, North Carolina. Urefu futi 9, upana 7, kimo 3 tu; hakuweza kusimama. Kwa keekee alitoboa matundu, akawa anawachungulia wanawe, nao hawakuambiwa kwamba mama yuko juu yao. Neno hilo limo katika jina la sura ya maficho hayo. Ukishamwona gizani, jicho kwenye tundu, hutalisahau.

Basi soma sura nzima kwanza bila kamusi. Rudia, uchague maneno 5 yanayobeba tukio, kila moja ulitungie sentensi yako. Baada ya wiki, msimulie mwenzako sura hiyo ukiyatumia.

Na usisome haraka. Jacobs aliandika ili wanawake wa Kaskazini mwa Marekani waujue utumwa ulivyo. Kumwelewa ndiko kumheshimu, msamiati utafuata.