Shamba Moja, Mavuno Mawili

Kila mkulima ajua kwamba shamba lake haliongezeki. Akijenga nyumba mahali pa mahindi, mahindi hayana pa kuota. Siku hizi limetokea jambo jipya litakalo ardhi, nalo ni kufanya umeme kwa nguvu ya jua. Jua likipiga juu ya mabamba yaitwayo paneli za sola, umeme hupatikana pasipo moto wala moshi. Lakini umeme mwingi wataka mabamba mengi, na mabamba mengi yataka mahali palipo wazi na tambarare. Mara nyingi mahali pa namna hiyo ni shamba.

Basi katika nchi nyingi yamezuka mabishano. Mwenye shamba asema, "Nikiwakodisha watu wa umeme nitapata fedha kila mwaka, hata mvua isiponyesha." Jirani yake amjibu, "Ni kweli. Lakini je, watoto wetu watakula umeme?" Wote wawili wana haki katika maneno yao.

Mwaka 1981 wataalamu wawili wa Ujerumani, Adolf Goetzberger na Armin Zastrow, walitoa shauri. Walisema kwamba mabamba yainuliwe juu ya nguzo, na safu zake ziachane, ili nuru ipite kati yake na kuifikia mimea. Hivyo viazi vitaota chini, na umeme utapatikana juu. Lakini siku zile mabamba yalikuwa ghali mno, na watu hawakulifuata shauri hilo upesi.

Huko Ujapani, Akira Nagashima alianza kujaribu jambo hilo mwaka 2004. Alifahamu ya kuwa mmea hutumia nuru kwa kadiri yake. Kadiri hiyo ikitimia, nuru inayozidi haiufai kitu. Mfano wake ni mtungi uliojaa: ukizidi kumimina, maji humwagika tu. Nuru hiyo imwagikayo ndiyo inayoweza kufanywa umeme.

Mwaka 2016 jaribio kubwa lilianzishwa katika shamba la Heggelbach, kusini ya Ujerumani. Wataalamu wa chuo cha uchunguzi cha Fraunhofer walisimamisha mabamba 720 juu ya theluthi moja ya hekta. Chini yake iliachwa nafasi ya mita 5, hata mashine za kuvunia zikaweza kupita. Wakapanda ngano, viazi ulaya, seleri ya mizizi, na klova, ambayo ni majani ya kulishia ng'ombe. Kando yake wakapanda mimea ile ile pasipo mabamba, maana asiyelinganisha hawezi kujua faida wala hasara.

Mwaka 2017 nuru chini ya mabamba ilipungua karibu sehemu 30 katika kila 100. Mavuno nayo yakapungua: ngano, viazi na seleri kwa sehemu kama 18 au 19, na klova kwa sehemu 5. Mtu wa haraka angesema, "Kazi bure." Lakini shamba lilikuwa limetoa umeme pia. Mavuno yakiwa sehemu 80 katika 100, na umeme vilevile 80, jumla ni 160. Yaani, kama vitu hivyo viwili vingetengwa, hekta moja isingetosha. Ingetakiwa hekta moja na zaidi ya nusu.

Mwaka 2018 jua lilikuwa kali na mvua chache. Kivuli kilicholeta hasara mwaka uliotangulia sasa kikaleta faida, kwa sababu udongo uliofunikwa haukukauka upesi. Viazi vya kivulini viliwapita wenzi wao wa nje kwa sehemu 11 katika 100, seleri kwa 12, na ngano kwa 3. Klova peke yake ilipungua, kwa sehemu 8.

Habari hii ina maana kubwa kwa nchi za ukame. Mwaka 2022, huko Insinya katika kaunti ya Kajiado, Kenya, mboga zilipandwa chini ya mabamba yaliyoinuliwa, na kabichi za kivulini zilikuwa kubwa kuliko zile za juani.

Walakini si kila mmea upendao kivuli. Mahindi hutaka jua jingi. Tena nguzo ndefu za chuma ni gharama kubwa. Na yuko mtu atakayejali umeme tu, akaacha magugu yatawale chini yake. Kwa hiyo serikali ya Ujapani, ilipotoa ruhusa mwaka 2013, iliweka sharti kwamba mavuno yasipungue kwa zaidi ya sehemu 20 katika 100. Sharti hilo ni la hekima. Mabamba ni mgeni shambani. Na mgeni mwema hamfukuzi mwenyeji wake.

MASWALI

1. Kwa nini mabamba yaliinuliwa juu ya nguzo?
2. Kwa nini mimea ilipandwa pia mahali pasipo mabamba?
3. Kivuli kilileta hasara mwaka 2017 na faida mwaka 2018. Eleza sababu.
4. Taja mmea mmoja wa kwenu upendao kivuli, na mmoja usioupenda.