Bei ya Klorini kwa Bidoni Moja

Klorini inayotiwa kwenye mabwawa ya kuogelea ya hoteli ndiyo pia inayoua vijidudu vya kipindupindu ndani ya bidoni ya maji katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Tofauti ni kipimo, kifungashio na bei. Dukani, wengi huangalia bei ya chupa au ya kidonge. Wachache huuliza kitasafisha bidoni ngapi.

Swali hilo lina uzito. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Machinga mwezi Machi 2022 uliua watu zaidi ya 1,700 nchini Malawi, na Lilongwe ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 kwa watu kama 10,000, sasa ina zaidi ya 50,000. Maji yanayopatikana kwa foleni hukaa nyumbani mchana kutwa, na kila mtoto anachota kwa kikombe chake. Kwa mpangaji wa mtaa wa Nsungwi jijini Lilongwe anayenunua maji kwa ndoo, hatari ni ileile: maji yametoka bombani yakiwa safi, yakachafukia chomboni.

Bidoni ya lita 20 ya maji maangavu inahitaji takriban miligramu 40 za klorini. Maji yasipokuwa maangavu, maradufu. Kwa hesabu hiyo, kidonge cha miligramu 67 kilichotengenezwa kwa lita 20 kinatosha bidoni moja tu. Nusu lita ya dawa ya kufulia ya Jik isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5, inatosha bidoni zaidi ya 400, kila moja ikichukua mililita 1 na matone mawili matatu, yapimwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kilo moja ya unga wa klorini wa HTH wa asilimia 70 inatosha bidoni 17,500! Gawanya bei ya dukani kwa idadi hizo, na unga unashinda kwa mbali.

Hata hivyo, unga huo haufai kuwekwa chumbani. Bidoni moja inahitaji chembe chache mno, ambazo hakuna kijiko cha jikoni kinachoweza kuzipima. Unga wenyewe unaunguza macho na mapafu, na ukigusana na mafuta unaweza kuwaka moto. Tena klorini nyingine za mabwawa zimechanganywa na kemikali ya kuzuia jua lisizipunguzie nguvu. Hizo si za maji ya kunywa ya kila siku. HTH iachwe kwa fundi aliyefunzwa, kwenye tangi la jumuiya.

Pakiti ya unga mwingine, unaotuliza tope, husafisha lita 10 tu, kwa hiyo ndiyo ghali kuliko zote, lakini masika, maji yanapokuwa ya udongo, hufanya kazi ambayo kidonge hakiwezi. Kuchemsha kunaua vijidudu vizuri. Tatizo ni mkaa, na maji yaliyopoa hayana kinga mkono mchafu ukiingia.

Njia nafuu kuliko zote kwa familia ni tangi dogo la klorini linalofungwa kando ya kisima, ambapo mtu huzungusha kishikio na kupata kipimo bure. Michael Kremer, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, na wenzake waliona magharibi mwa Kenya kwamba klorini ikiwa bure na karibu na maji, wengi huitumia. Ikiuzwa, hata kwa bei ya chini, wengi huiacha. Matangi hayo yamefika vijijini Malawi pia, na kamati za maji zina kila sababu ya kuyadai.

Pasipo tangi, chupa ya klorini ya WaterGuard ndiyo chaguo la nyumbani: kipimo kifuatwe kama lebo inavyosema, chupa isikae juani, maji yasubiri dakika 30 kwenye chombo chenye mfuniko. Na mgonjwa akianza kuhara majimaji, apewe maji ya ORS mara moja na apelekwe kituo cha afya bila kungoja kukuche.