Somo kwa Wazazi Wakatekumeni: Mtoto Afundishweje Nyumbani?

Siku ya ubatizo wa mtoto wazazi huahidi kumlea katika imani. Ahadi hiyo haitimizwi kwa kumpeleka mtoto shuleni na kumwachia mwalimu mambo yote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 43, nayo yawapa wazazi haki ya kuchagua namna ya malezi ya watoto wao. Lakini kifungu hicho hicho chasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima, na katika shule za umma ni ya bure. Basi mzazi wa Kasongo au wa Kabambare achague nini?

Kuna nyakati ambapo hachagui, bali analazimishwa. Mwezi wa tatu wa mwaka 2020 shule zote za nchi zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Tena huko Kabambare, upande wa Salamabila, mapigano yamewakimbiza watu vijijini mwao, walimu pamoja na wanafunzi. Hapo mtoto hukaa bure. Na mtoto akaaye bure karibu na machimbo ya dhahabu huonekana upesi akibeba mchanga shimoni.

Mama huuliza: «Nitafundishaje, nami sijui kusoma?» Swali lake ni la haki, tena ni kubwa kuliko yote. Asiyejua kusoma anajua kusikiliza. Mtoto asome daftari lake kwa sauti mbele ya mama, kisha alifunge na kueleza kwa Kiswahili aliyoyasoma. Akikwama, alifungue tena. Hata kama daftari ni la Kifaransa, mama atatambua kama mtoto ameelewa au anakariri kama kasuku, na kasuku Maniema hawakosi. Hesabu nayo haidai ubao. Mpunga unapopimwa kwa vikombe, mtoto ahesabu. Unapouzwa, atafute bei ya vikombe saba kabla mnunuzi hajaitaja. Herufi huandikwa kwa kidole vumbini. Nusu saa kila jioni yafaa kuliko Jumamosi nzima yenye fimbo.

Yasiyojulikana nyumbani, kama sarufi ya Kifaransa, yasibuniwe. Aombwe jirani aliyesoma, naye apewe kuku au alimiwe shamba siku moja, maana kufundisha ni kazi.

Lakini kuna hila moja. Baba hudai kwamba binti yake anafundishwa nyumbani, kumbe binti anatwanga na kuchota maji tangu alfajiri, huku kaka yake ameshika daftari. Hayo si mafundisho. Shule ikifunguliwa, warudi wote wawili, na nusu saa ya jioni isiachwe.

Swali la kujibu kabla ya fundisho lijalo: Jana, nyumbani mwako, mtoto alisoma saa ngapi, na nani alimsikiliza?